Chenga Hazijawahi Kuharibu Harusi

Picha ikishapigwa, wapiga picha wengi wa siku hizi hawaitazami, wanaikuza. Kidole kwenye kitufe, jicho kwenye pua ya bibi harusi, halafu sura inakunjamana: "Ina chenga." Ukiwasikiliza wakizungumza nyuma ya ukumbi, wageni wakiwa kwenye foleni ya pilau, utadhani kazi waliyolipwa ni kukagua pikseli, na hao waliovaa suti na magauni wameletwa ili kamera ipate cha kujaribia. Wanaoanza kazi hii nao huuliza swali lile lile: ninunue kamera gani isiyo na chenga, yenye kutoa picha kali?

Jibu langu haliwafurahishi. Chenga zina uzito mdogo kuliko wanavyodhani. Ukali wa picha una uzito, ila mara nyingi unapopotea kamera haihusiki. Na hofu ya chenga imeharibu picha nyingi kuliko chenga zenyewe.

Tuanze na huko kukuza. Kamera ya megapikseli 24, ambayo leo ni ya kawaida kabisa, hutoa picha yenye upana wa pikseli 6000 na kimo cha pikseli 4000. Skrini ya kompyuta ya inchi 24, ya zile za bei nafuu, ina pikseli 1920 tu kwa upana, zimetandazwa kwenye sentimita 53 hivi. Kwa hiyo unapoikuza picha hadi asilimia 100, pikseli moja ya picha ikikaa juu ya pikseli moja ya skrini, unachungulia kipande cha picha ambayo nzima yake ingekuwa na upana wa zaidi ya mita moja na nusu, nawe umekaa nusu mita kutoka hapo. Nani hutazama picha namna hiyo? Hata bango la barabarani hatulitazami hivyo. Mabango makubwa huchapwa kwa nukta chache mno kwa kila inchi. Ukilisogelea utaona madoa matupu, lakini abiria aliye ndani ya daladala anaona uso wa msanii umenyooka vizuri kabisa.

Sasa jiulize mwenye picha ataitazama wapi. Kwa wateja wengi ni kwenye simu. Ukiiweka Instagram, picha hiyo ya upana wa pikseli 6000 inashushwa hadi 1080. Kati ya pikseli milioni 24, zinazobaki hazifiki milioni moja. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa vilevile. Akitaka kuichapa kwa ukubwa wa A4, kwa kiwango cha juu cha nukta 300 kwa inchi, anahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani chini ya milioni tisa. Kamera za megapikseli 10 zilizokuwa zikiuzwa karibu miaka ishirini iliyopita zilikwisha kufika hapo.

Kuna faida nyingine katika kupunguzwa huko ambayo watu hawaihesabu. Picha ya upana wa pikseli 6000 ikishushwa hadi 1500, kila pikseli 16 zinaunganishwa kuwa moja, na chenga zilizokuwamo zinafutana zenyewe kwa zenyewe hadi kubaki kama robo ya zilivyokuwa. Zile chenga zilizokunyima usingizi kwenye kompyuta hazipo tena kwenye simu ya mama mkwe. Hukuzifuta wewe; zimepotea njiani.

Chenga hutoka wapi? Wengi watakujibu: kwenye ISO. Hiyo ni nusu ya kweli. Chenga nyingi unazoziona kwenye picha ya usiku zimo ndani ya mwanga wenyewe. Mwanga huja kwa chembe ziitwazo fotoni, na fotoni haziji kwa mpangilio. Weka ndoo mbili uani manyunyu yakianza: baada ya sekunde chache moja itakuwa na matone manne na ya pili tisa, ingawa zimekaa bega kwa bega. Mvua ikinyesha saa nzima, hutaona tofauti kati yake. Pikseli nazo ni hivyo hivyo. Zikipokea kwa wastani fotoni 100 kila moja, zitapishana kwa kama 10, yaani asilimia 10, na jicho linaona. Zikipokea fotoni 10,000, zitapishana kwa kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Ndiyo maana sensa kubwa, yaani kile kibamba cha kamera kinachopokea mwanga, hutoa picha safi: inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla. Sensa kamili ya milimita 36 kwa 24 ina eneo la zaidi ya mara mbili ya ile ya APS-C iliyomo kwenye kamera nyingi za bei ya kati, na sensa ya simu nyingi ingeingia humo zaidi ya mara kumi.

ISO haiongezi mwanga hata kidogo. Inakuza kile ambacho sensa imeshakipokea. Unaipandisha kwa sababu kuna giza, kisha unaona chenga, kisha unailaumu ISO, wakati mkosaji ni giza.

Ukilielewa hilo, ukumbi wa harusi unakuwa mahali tofauti. Saa nne usiku, taa za rangi zinazunguka, MC anaita keki. Mpiga picha mwenye hofu ameiweka ISO yake 800 kwa sababu amesikia kwamba ikizidi hapo picha "inaoza". Lenzi yake imefunguka hadi f/2.8, na ili mwanga utoshe, shata imeshuka hadi sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Bibi harusi anamlisha bwana harusi keki, anacheka, anarudisha kichwa nyuma. Mkono wake kwenye picha umekuwa mstari mweupe, na uso una macho manne. Chenga hakuna. Picha pia hakuna.

Angepandisha ISO hadi 3200, shata ingepanda hadi 1 ya 125 kwa mwanga ule ule, na mkono ungesimama. Angeenda 6400, angepata 1 ya 250, ambayo inatosha hata kwa wanaoserebuka. Ndiyo, kutakuwa na chenga. Lakini watu watakuwa na nyuso. Chenga kwenye picha iliyotulia ni kasoro ambayo mteja hataijua hata akiishi na picha hiyo miaka yote. Picha iliyotikisika ataiona mara ya kwanza tu, kwenye kioo kidogo cha simu, na hakuna programu itakayoirudisha. Zipo zinazojaribu, na zinabahatisha. Ukilazimika kuchagua, chukua chenga kila mara.

Jaribio lenyewe ni rahisi na halina gharama. Usiku mmoja nyumbani, chini ya taa moja ya kawaida, mpige picha mtu wako kwa ISO 400, 800, 1600, 3200, 6400 na 12,800, kila mara ukipandisha na shata ili mwanga ubaki sawa. Halafu usizifungue kwenye kompyuta. Peleka mbili za mwisho studio wakuchapie kwa ukubwa wa A4, ziwekwe mezani, na umwulize mtu asiyejua lolote kuhusu kamera ipi ni nzuri. Atakwambia ile ambayo mtu ametabasamu.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo linatugusa zaidi sisi tunaopiga picha za watu weusi. Kipima mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata kijivu cha wastani. Sasa mbele yake kuna gauni jeupe, shela jeupe, na nyuma yake hema jeupe. Kipima kinasema: weupe umezidi, nipunguze. Kinapunguza, gauni linakuwa la kijivu, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Jioni mpiga picha anauinua uso huo kwenye kompyuta kwa stopu mbili, yaani mara nne, na hapo ndipo chenga zinapomwagika, kwa sababu sehemu aliyoiinua ilipokea robo tu ya mwanga iliouhitaji. Atasema kamera yake ni mbovu gizani. Picha yenyewe ilipigwa saa nane mchana.

Dawa ni kuongeza mwanga wakati wa kupiga. Fremu ikiwa na weupe mwingi, sogeza fidia ya mwanga upande wa kujumlisha, kati ya theluthi mbili na stopu moja nzima, upime uso na si gauni, ukiangalia tu kwamba nakshi za gauni hazijafutika. Ukipiga kwa RAW una nafasi zaidi ya kulirudisha gauni, mradi nakshi hizo bado zimo. Na usiubebe mzigo wote peke yako: kwa miongo mingi, kadi ambazo maabara za kusafishia filamu zilitumia kupimia rangi, zilizotoka Kodak na kujulikana kama kadi za Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Ilipofika 2021 Google bado ilikuwa ikiitangaza simu yake ya Pixel 6 kwa sifa kwamba imefundishwa kupiga ngozi nyeusi ipasavyo. Yaani hiyo ilikuwa habari.

Vipi kuhusu programu za kufuta chenga? Ni nzuri, na zimekuwa nzuri sana. Adobe iliingiza kwenye Lightroom, Aprili 2023, kifutio cha chenga kinachotumia akili mnemba, na picha ya ISO 6400 ikipita humo hutoka kama iliyopigwa kwa ISO ya chini zaidi. Tahadhari yangu ni moja: usikivute hadi mwisho. Kifutio hakijui tofauti kati ya chenga na vitu vidogo vya kweli. Kwenye mkono uliochorwa hina, mistari myembamba huanza kuyeyuka. Darizi kwenye shingo ya kanzu inakuwa kama imepakwa rangi. Vinyweleo na vidoti vya ngozi vinaondoka na mtu anabaki kama sanamu ya nta. Simu nyingi hukufanyia hivyo bila kukuuliza, ndiyo maana picha ya usiku ya simu huonekana safi kwa mbali na tope ukiisogelea. Mimi huacha kifutio katikati, nikabakiza chenga kidogo. Uso wenye chenga bado ni uso.

Tuhamie kwenye ukali, ambako mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa neno moja limebeba makosa mengi tofauti. Mtu anakuletea picha akisema "haijatoka kali", na kabla hujamshauri lenzi unapaswa kuuliza imepotea vipi. Kama kila kitu kimejivuta upande mmoja, taa zote zimekuwa vijistari vinavyoelekea njia moja, mkono wake ulitikisika. Kama ukuta uko sawa na mtoto ndiye kafifia, mtoto alikimbia na shata ilikuwa ndogo. Kama mtu amefifia ila pazia la nyuma yake linaonekana hadi nyuzi, fokasi ilikaa kwenye pazia. Na kama picha nzima ina utando, taa zimevaa mwanga wa duara na weusi umekuwa kijivu, futa lenzi.

Hili la mwisho silisemi kwa utani. Kwenye simu ni chanzo kikubwa. Lenzi ya simu inashikwa na kidole kilichokula maandazi, inaingia mfukoni, inalazwa mezani, halafu mwenyewe anataka kubadilisha simu. Kitambaa laini cha pamba, sekunde tatu, na umeshapata simu mpya.

Pwani tuna adui zetu wa ziada. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, lenzi inalowa ukungu papo hapo, na ukiifuta inalowa tena. Toa kamera mapema, iache ndani ya mkoba uliofungwa ipate joto polepole kwa nusu saa. Unyevunyevu nao hukaribisha kuvu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ambazo zikikaa muda mrefu hula ule utandu uliopakwa juu ya kioo. Lenzi iliyofungiwa kabatini Zanzibar kwa msimu mzima wa masika inaweza kuharibika bila kupigwa picha hata moja. Kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ni bei ndogo. Kuitumia lenzi ni dawa bora zaidi, kwani kuvu hupenda giza na utulivu.

Bara, mbugani, kuna jambo linalowafanya watu warudishe lenzi dukani bure. Mtu amenunua lenzi ya milimita 600, amefika Amboseli, saa sita mchana kamwona tembo umbali wa nusu kilometa, akapiga picha mia, zote laini kama zimepigwa ndani ya maji. Lenzi haina kosa. Ardhi imechemka, hewa moto inapanda na kupinda mwanga kabla haujaifikia kamera, yaleyale yanayoleta mazigazi barabarani. Hakuna megapikseli wala bei inayoweza kupenya hewa hiyo. Njia ni mbili: kusogea, au kuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi ardhi ikiwa bado imepoa. Na kwa kuwa hifadhini huruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, mara nyingi inabaki ile ya pili.

Mwombe pia dereva azime injini. Gari la safari linalounguruma hutetemesha kila aliyemo, na lenzi ndefu hukuza tetemeko hilo pamoja na picha. Usiegemeze lenzi kwenye chuma cha dirisha. Ilaze juu ya mfuko ulioshonwa na kujazwa maharage au mchele, ambao utaununua sokoni na ukimaliza safari utaula. Shata isiwe chini ya namba ya lenzi: milimita 400, angalau 1 ya 400, na kwa mnyama anayekimbia 1 ya 1000 au zaidi. Kituliza mtikisiko kilichomo kwenye lenzi husaidia mikono yako, hakiwezi kumsimamisha duma. Na ili ufike 1 ya 1000 alfajiri, utapandisha ISO. Tumerudi kule kule.

Kufunga tundu la lenzi kupita kiasi nako hulainisha picha. Wengi wamefundishwa kwamba namba kubwa ya f ni ukali zaidi, wakaenda f/22. Hadi f/8 au f/11 ni kweli kwa kamera nyingi. Zaidi ya hapo mwanga unaanza kujitawanya kwenye ukingo wa tundu na kila kitu kinapoteza makali kidogo. Kwenye sensa ndogo huanza mapema zaidi.

Ubishi huu wote, kwa taarifa yako, ni wa zamani kuliko kamera za dijitali, kuliko hata filamu. Julia Margaret Cameron alipata kamera yake ya kwanza mwishoni mwa 1863 akiwa na miaka 48, akaanza kupiga picha za watu kwa karibu, laini, fokasi ikiwa imelegea. Wapiga picha wenzake Uingereza wakamcheka kwenye majarida yao kwamba hajui kutumia kifaa. Picha yake ya mwanafalaki John Herschel, ya mwaka 1867, leo ni miongoni mwa picha za watu zinazojulikana sana za karne ile. Majina ya waliomcheka yanajulikana na watafiti tu. Mwaka 1932, huko San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walielekea upande wa pili, wakaunda kundi la f/64 kutetea picha kali kutoka jani la mbele hadi mlima wa nyuma. Walikuwa na haki yao pia. Walipiga mawe, miti na pilipili hoho, vitu ambavyo uzuri wake uko kwenye ngozi yake, na filamu zao zilikuwa kubwa kama karatasi ya daftari, kwa hiyo f/64 yao haikuwadhuru kama ambavyo f/22 ingekudhuru wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akina Daido Moriyama kule Tokyo wakapiga picha zenye chenga, zilizotikisika na zisizo na fokasi kwa makusudi kabisa.

Halafu kuna Robert Capa. Tarehe 6 Juni 1944 alishuka na askari wa Marekani kwenye ufuo wa Omaha, Normandie, risasi zikimpita. Picha chache zilizosalia zina chenga, zimetikisika, na ile maarufu ya askari aliye majini ni ukungu mtupu. Jarida la Life lilizichapa mwezi huohuo likieleza kwamba msisimko ulimfanya atikise kamera. Capa naye alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1947 akazipa jina linalosema kwamba picha zimetoka nje ya fokasi kidogo. Kuhusu nini hasa kilichozikuta filamu zake maabarani London wanahistoria wanabishana hadi leo. Hakuna anayebishana kwamba zingekuwa bora kama zingekuwa safi.

Ila usichukue mifano hiyo ukaifanya kisingizio. Capa alitikisika kwa sababu alikuwa anapigwa risasi. Wewe ulikuwa kwenye kipaimara. Picha iliyofifia kwa uzembe haigeuki sanaa kwa kuwekewa rangi nyeusi na nyeupe, ingawa naona wengi wakijaribu. Zipo kazi ambazo ukali ndio kazi yenyewe. Hati ya kiwanja unayoipiga kwa simu ili kumtumia wakili: hapo kila herufi isomeke, hata picha ikiwa mbaya kiasi gani. Kitenge unachokiuza mtandaoni: mnunuzi anataka kuona uzi. Ndege wa mbali utakayemkata kutoka kwenye fremu: ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo umebaki na robo ya pikseli, na chenga zote ulizokuwa umezificha kwa kupunguza zinarudi, kwa hiyo hapo kamera nzuri na lenzi ndefu zina thamani ya kweli. Turubai la kutundikwa sebuleni, ambalo watu watalisogelea, nalo linadai.

Lakini inayosahaulika kuliko zote ni picha ya ukoo. Watu 60 wamejipanga mistari mitano nje ya kanisa au msikiti. Kwenye faili la upana wa pikseli 6000, kila uso unapata labda pikseli 200. Ikishushwa hadi 1080, uso unabaki na pikseli 36, na shangazi aliyetoka Bukoba hajioni. Hii ndiyo picha moja ya siku nzima inayostahili wasiwasi wako: f/8 ili mistari yote iingie kwenye fokasi, fokasi ikae kwenye mstari wa pili, shata 1 ya 200, ISO ipande inapotaka kupanda, na upige kadhaa kwa sababu katika watu 60 daima kuna aliyefumba macho.

Kwa mwenye fedha mfukoni anayeuliza anunue nini, nitasema hivi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa karibu kila kampuni. Lenzi ya kukuza inayokuja na kamera, ukiwa kwenye milimita 50 hiyo hiyo, kwa kawaida inaishia f/5.6. Tofauti ya mwanga kati ya hizo mbili ni takriban mara kumi. Kuhama kutoka kamera ya APS-C kwenda ya sensa kamili, kwa gharama inayoweza kuwa mara kumi ya lenzi hiyo, kunakupa nyongeza ya zaidi kidogo ya mara mbili. Hesabu ni yako. Baada ya lenzi, nunua fleshi ya juu ya kamera na ujifunze kuielekeza kwenye dari jeupe ili mwanga urudi laini juu ya watu. Kwenye ukumbi wa makuti usihangaike nayo. Makuti humeza mwanga wote na yakirudisha kitu hurudisha rangi ya kahawia. Tafuta ukuta, au mtu akushikie mwavuli mweupe.

Na badilisha namna ya kuchagua picha. Ukirudi na picha elfu moja, zitazame kwanza zikiwa ndogo, kumi au ishirini kwa mara moja kwenye skrini, bila kukuza hata moja. Zinazokuvuta zikiwa ndogo hivyo, zitie alama. Ukimaliza ndipo uzikuze hizo chache, na utafute kitu kimoja tu: je, macho yamo ndani ya fokasi? Kama yamo, funga mjadala. Kama yamepotea kidogo lakini hakuna picha nyingine ya babu akicheza, mpe mteja hiyo hiyo, wala usiombe radhi, hatakuwa ameona.

Ukimaliza yote, usiitume kazi hiyo WhatsApp kama picha ya kawaida. Itume kama dokumenti, au mpe kwenye flashi. Ni ajabu kuwaona watu waliogombana wiki nzima juu ya chenga wakizibana picha zao wenyewe hadi sehemu ya ishirini, halafu mteja anapouliza mbona hazikukaa sawa, wanamwambia wanajichanga kununua kamera mpya.